Tisini na Tisa si Mia



Jumanne asubuhi nilipita kwenye darasa la awali hapa Didia nikiwa na nia ya kusalimia tu, kwani nilikuwa njiani kumpelekea komunyo mgonjwa ng'ambo ya barabara iendayo Tinde. Nilikaa karibu saa nzima. Mgonjwa wangu, bibi mwenye subira, aliponiuliza nilichelewa wapi nikamwambia nilikuwa nahesabu visoda na watoto, naye akasema vema, maana wajukuu zake wawili wamo humo darasani.

Watoto wapo 64, na mwalimu ni mmoja. Walikuwa wameketi kwenye mkeka, na aliponiona mlangoni akawaambia wamwimbie Padri namba zao. Wakaimba. Moja mpaka ishirini bila kukwama, wakijitikisa mabega kwa mdundo, na waliokaa nyuma ndio walioimba kwa nguvu zaidi. Nikapiga makofi. Mwalimu akasema, "Subiri, Padri." Akamwita binti mmoja mdogo wa mstari wa mbele ambaye sauti yake ilikuwa imezidi za wenzake. "Mama, hebu niletee visoda sita."

Binti akaenda kwenye kapu, akachota kwa mikono miwili, akaleta. Nilivihesabu kwa macho: vilikuwa kumi na moja. "Hivi ni sita?" akaulizwa. Akajibu kwa heshima na bila wasiwasi wowote, "Ndiyo, mwalimu."

Hakuwa anadanganya. Alijua wimbo, na wimbo aliuimba sawasawa. Kwake "sita" ilikuwa sauti inayokuja baada ya "tano" na kabla ya "saba", kama vile "utuombee" inavyokuja baada ya kila jina katika litania. Na nilipofika hapo katika kuwaza kwangu nikanyamaza, kwa sababu nilikumbuka ni mara ngapi mimi mwenyewe nimeisema litania nzima bila kumwomba mtakatifu hata mmoja.

Injili tunayoitafakari wiki hii ni Luka 15, ile ya mchungaji mwenye kondoo mia na ya mwanamke mwenye shilingi kumi. Nimeihubiri mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na kila mara nimeanza pale mchungaji anapoondoka kwenda nyikani. Jumanne, nikiwa nimekaa kwenye kiti kidogo cha mtoto, niliona jambo linalotangulia. Kabla ya kuondoka, alihesabu. Kama tisini na tisa na mia zingekuwa kitu kimoja machoni pake, zote zikiitwa "wengi", angefunga zizi akalala. Yule mwanamke naye alijua kuwa tisa si kumi, ndipo akawasha taa na kushika ufagio. Huruma yao ilipata mahali pa kuanzia kwa sababu hesabu ilikuwa sahihi.

Nimekulia kwenye ng'ombe, na wengi wenu pia. Babu yangu hakuwahi kuingia darasani. Jioni alisimama kwenye lango la zizi, fimbo begani, na ng'ombe wakipita mmoja mmoja mbele yake midomo yake haikusogea hata kidogo. Wa mwisho alipoingia, babu aliweza kusema, "Yule mwenye baka jeupe amebaki," tena kwa hakika ya mtu anayetaja jina la mwanawe. Nabii Yeremia, katika sura ya 33, anaahidi kwamba siku za amani zitakaporudi makundi yatapita tena chini ya mkono wake anayeyahesabu. Sijui maelezo bora ya amani kwa Msukuma. Babu hakujua kuandika 27, lakini ishirini na saba aliwajua mpaka kwenye mifupa yake. Wakipungua, alihisi upungufu kabla hajautamka.

Hicho ndicho walimu wanachokiita dhana ya namba. Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Rochel Gelman na C. R. Gallistel, waliandika kitabu juu ya namna mtoto mdogo anavyoelewa idadi, na mambo waliyoyaeleza yanaonekana darasani Didia kama yalivyoonekana kwao. Mtoto lazima ajue kwamba kila kitu kinapewa jina moja la namba, wala hakirukwi wala hakihesabiwi mara mbili. Lazima ajue kwamba ukianzia kulia au kushoto, jibu ni lile lile. Na lipo jambo gumu zaidi, ambalo sisi wakubwa tumesahau kwamba tuliwahi kulijifunza: namba ya mwisho unayoitamka ni ya kundi zima. Mwombe mtoto wa miaka minne ahesabu visoda vitano. Atagusa kimoja kimoja, moja, mbili, tatu, nne, tano. Kisha muulize, "Kwa hiyo viko vingapi?" Wapo watakaoanza upya: moja, mbili, tatu. Wanadhani unataka wimbo tena. Hawajaona bado kwamba "tano" imevikusanya vyote ikavifanya kitu kimoja.

Sasa huwezi kumchapa mtoto mpaka aone jambo hilo. Wala huwezi kumwandikia ubaoni. Mwalimu wetu ana njia yake, na njia yake ni michezo, na hilo ndilo lililonifanya nichelewe.

Aliwatoa nje, akawagawa makundi. Kundi moja lilicheza mdako. Akina mama mnaujua: shimo dogo, mawe madogo, jiwe moja la kurusha. Unarusha jiwe juu, unayatoa mawe shimoni, unalidaka. Unarusha tena, unayarudisha yote lakini unabakisha moja nje. Raundi nyingine unabakisha mawili. Nimeucheza mchezo huu utotoni, nikachekwa kwa kuwa ulikuwa wa wasichana, na sikuwahi kutambua unadai nini kichwani. Mtoto ameyatoa mawe saba. Anatakiwa kubakisha mawili. Kwa hiyo mkono wake lazima ukusanye matano, katika muda ambao jiwe liko hewani. Hakuna nafasi ya kuimba moja mbili tatu. Inabidi jicho lione saba, na ndani ya saba lione tano na mbili zimelala pamoja kama ndugu kitandani. Tukija kumfundisha kutoa akiwa darasa la kwanza, tunamfundisha jambo ambalo vidole vyake vilishalijua.

Kundi la pili lilikuwa na mstari uliochorwa chini kwa kijiti, vyumba kumi vyenye namba moja hadi kumi. Wanatupa kisoda: kikianguka kifudifudi unasogea chumba kimoja, kikianguka chali unasogea viwili. Kuna utafiti juu ya mchezo wa namna hii hii. Mwaka 2008 Geetha Ramani na Robert Siegler, huko Marekani, waliwachezesha watoto wa shule za awali kutoka familia maskini kwenye ubao wa vyumba vyenye namba moja hadi kumi, vikao vinne vifupi tu ndani ya wiki mbili. Wenzao walicheza ubao ule ule, ila wenye rangi badala ya namba. Waliocheza kwenye namba walisonga mbele waziwazi katika kujua ipi kubwa na ipi ndogo, na wiki kadhaa baadaye ujuzi ulikuwa bado upo. Wa rangi hawakusogea. Na tafiti zilizofuata zikaonyesha jambo dogo ambalo mwalimu wetu analifanya bila kuwa amelisoma popote: mtoto aliyesimama kwenye chumba cha tano akitakiwa kusogea viwili, hamruhusu kusema "moja, mbili". Anamtaka aseme "sita, saba", kwa kuwa namba ni mahali, na mahali pana jina lake.

Wazee wanaokaa chini ya mwembe wakicheza isolo, bao letu la Kisukuma, wanaweza kuongeza la kwao hapa. Mkono unapita mashimoni ukiacha punje moja, moja, moja, na mchezaji mzuri ameshaona punje ya mwisho itaangukia wapi kabla hajainua ya kwanza. Nilimwuliza mmoja wao kama angekubali kuja shuleni Ijumaa moja kuwafundisha watoto. Akanitazama kana kwamba nimemwomba aje kusoma Misa. Lakini hakukataa.

Nirudi kwa yule binti wa visoda kumi na moja. Nusu saa baadaye mwalimu alimwita tena, akachuchumaa, akamwambia kwa sauti ya chini, kwa Kisukuma, "Niletee itandatu." Binti akasimama kwenye kapu kwa muda mrefu. Akachota, akaanza kurudisha kimoja kimoja, akabaki na vitano. Akautazama mkono wake wa kushoto ulio wazi. Kisha akachukua kimoja kingine, akaja.

Ndugu zangu, sita alikuwa nayo tangu nyumbani. Aliipata kwa bibi yake, kwenye kugawa viazi vya matobolwa na kuhesabu vifaranga. Tulichokosa ni kumwonyesha mlango wa kupitia. Na ukitazama vizuri, milango yenyewe iko jirani sana. Kisukuma husema itandatu, mpungate, inane, kenda. Waswahili wa kale nao walisema tandatu, fungate, nane, kenda, kabla sita, saba na tisa za Kiarabu hazijachukua nafasi. Ndiyo maana mpaka leo siku saba za maharusi tunaziita fungate. Mtoto anayekuja shuleni na kenda yake hakuja na kitu cha kuonea aibu. Amekuja na kitu ambacho Kiswahili chenyewe kilikuwa nacho. Mzazi anayemkataza mwanawe kuhesabu kwa Kisukuma ili awahi kujua Kiswahili anavunja daraja akidhani anafupisha njia. Nasema hivi nikijua wapo watakaokasirika.

Mimi sikufundishwa kwa mdako. Katika shule niliyosoma, jedwali la saba lilifundishwa kwa fimbo. Tulisimama mstarini, kila mmoja akasubiri swali lake, na nakumbuka kwamba nilipofika mbele nilijua saba mara nane, na nilipoulizwa sikuijua tena. Ilikuwa imetoka, kama ndege anavyotoka ukipiga kelele. Mpaka leo, nikiwa padri mwenye mvi, nikijumlisha sadaka mbele ya wazee wa kanisa viganja hunitoka jasho. Wengi wenu mnaosoma haya mnaijua hofu hiyo. Katika mitihani ya kidato cha nne ya miaka ya karibuni, Hisabati ndilo somo ambalo mtahiniwa mmoja tu kati ya wanne au watano hufaulu. Sababu ni nyingi, walimu wachache wakiwa mojawapo, na siwezi kuzipima zote hapa. Lakini naamini kwa moyo wangu wote kwamba baadhi ya watoto hao waliipoteza hesabu wakiwa na miaka sita, siku walipogundua kwamba kukosea ni kosa la kuadhibiwa.

Katika mchezo, kukosea ni sehemu ya zamu yako. Jiwe limekuponyoka, unampisha mwenzako, unangoja, unarudi. Hakuna aliyekudharau. Mtakatifu Yohane Bosco, ambaye wanawe Wasalesiani wapo nasi hapa Didia na shule yao, aliijua siri hii tangu utotoni. Alizaliwa mwaka 1815, akafiwa na baba kabla hajatimiza miaka miwili, na kabla hajawa mwalimu wa yeyote alikuwa mvulana wa kijijini aliyetembea juu ya kamba na kufanya mazingaombwe ili watoto wenzake wakusanyike, kisha wasali pamoja. Baadaye kule Turin aliwataka walezi washuke uwanjani wakati wa michezo, wakae na vijana, wakimbie nao. Kwake uwanja wa michezo ulikuwa mahali pa malezi sawa na kanisa.

Mama mmoja wa jumuiya yetu aliniambia Jumatano, baada ya kusikia habari hizi, "Padri, sikumpeleka mwanangu shule akacheze, kucheza anacheza nyumbani." Neno lake ni zito na sitaki kulipuuza. Nilimjibu kwamba ni kweli, mchezo usio na jicho la mwalimu unabaki mchezo. Kazi yote iko kwenye lile swali linalofuata: vimebaki vingapi? Umejuaje? Nani ana vingi kumshinda mwenzake, na kwa vingapi? Mwalimu mmoja hawezi kuwauliza watoto 64 maswali hayo, na hapa parokia ina deni. Tangu sera ya elimu ya mwaka 2014 darasa la awali limewekwa ndani ya elimu msingi, na elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016 watoto walifurika kila mahali, jambo la kumshukuru Mungu. Mkoa wetu wa Shinyanga umewahi kuona msaada unavyoweza kuwa: katika mradi wa EQUIP-Tanzania, uliomalizika mwaka 2020, vijana wa vijijini walifundishwa kuwaandaa watoto kwa miezi michache kabla ya darasa la kwanza, kwa hadithi, nyimbo na michezo. Mradi uliisha. Vijana wa Didia hawajaisha. Wawili wakipatikana asubuhi mbili kwa wiki, makundi makubwa yatagawanyika.

Nalo la nyumbani halihitaji mafunzo yoyote. Usimwambie mtoto, "Lete vikombe." Mwambie, "Lete vikombe vya kututosha." Atakwenda, atarudi, kikombe kitapungua, atakwenda tena. Mwache aende tena. Muulize kuku wameingia wangapi. Mpe vipande vya michembe agawe na wadogo zake mpaka pasiwe na anayelia.

Nawasihi hivyo kwa sababu najua kinachowangoja watoto huko mbele. Eneo letu lote, kuanzia Mwakitolyo huku Shinyanga, kupita Kakola hadi Nyarugusu kule Geita, linaishi kwa mizani. Nilikutana na kijana mmoja aliyeacha shule akiwa darasa la nne kwa kushindwa hesabu, akaenda machimboni kumfuata kaka yake. Nilimwuliza gramu moja ya dhahabu ina pointi ngapi. Alinijibu kumi kabla sijafunga mdomo, kisha akanipigia bei ya pointi saba kichwani, bila kalamu. Watafiti Terezinha na David Carraher pamoja na Analúcia Schliemann waliona jambo hilo hilo huko Recife, Brazil, na wakaliandika mwaka 1985: watoto wanaouza nazi na matunda barabarani walipata karibu hesabu zote za biashara yao, na hesabu zile zile zikiandikwa kwenye karatasi kama za shule walikosa nyingi sana. Kijana wangu hakuwa mjinga. Shule haikumkuta alipokuwa.

Lakini pia aliniambia kwamba mwanzoni, kabla hajajua pointi, alipunjwa miezi mingi. Mnunuzi alitaja bei, yeye akapokea. Wakulima wa pamba na mpunga mnajua ninachosema: mizani iliyochezewa, gunia la lumbesa linalohesabiwa moja. Nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara wa Israeli kwa kosa hili hili, kupunguza kipimo na kuongeza bei, na hakuliita ujanja wa soko. Aliliita kuwakanyaga maskini. Mtoto mwenye hisi ya idadi akikua, mizani ikisema uongo mwili wake utashtuka, kama babu alivyoshtuka langoni.

Ipo hesabu mbaya, nayo tuitaje. Daudi aliwahesabu watu wake, katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 24, na moyo wake ukamchoma baada ya kumaliza. Alihesabu ili ajue ana nguvu kiasi gani. Mchungaji wa Luka alihesabu ili ajue nani hayupo. Nimejiuliza wiki nzima mimi ni wa upande gani. Sadaka ya Jumapili naihesabu mpaka sarafu ya mwisho na kuiandika kwa wino. Lakini mwalimu aliponiuliza ni watoto wangapi wa awali waliosajiliwa Januari ambao hawaji tena, sikujua. Wanne. Aliwataja kwa majina, na wawili ni wa jumuiya ninayosali nayo kila mwezi. Familia moja imefuata rashi ya dhahabu machimboni. Nyingine ipo hapa hapa. Nimeshakwenda, na nitarudi.

Kapu la visoda lipo mlangoni mwa kanisa. Mwalimu anataka kila mtoto awe na kumi vyake, jumla 640. Mwenye duka au mgahawa asivitupe. Mpaka jana jioni vilikuwa vimefika 412, nami niliandika kwenye kikaratasi. Leo asubuhi watoto walivipanga kwa mafungu ya kumi kumi, wakaita mafungu yao: arobaini na moja, na kisoda kimoja pembeni. Mwalimu akakitazama kikaratasi changu, akawatazama watoto, akanyamaza. Yule binti wa itandatu ndiye aliyeanza kuinua mkeka. Nilipoondoka walikuwa bado wanafagia.